Deni Anataga

Nilimkopa kwa mama Kavugho, soko la Virunga,
siku mvua ilipokata njia ya Sake na viazi vikapanda bei.
"Utalipa ukipata," akasema, akanikabidhi miguu
iliyofungwa kwa uzi wa gunia.
Njiani Muhindo akauliza: huyu anaitwa nani?
Nikamjibu kwa uchovu: Deni.
Jina likashika.

Kwetu Ndosho kuku hachakuri udongo.
Anachakura jiwe,
lile jeusi lililoshuka mlimani likiwa uji
likakaa juu ya bustani ya mama mkwe
kama mgeni asiyeaga.
Deni alilikuna siku tatu, kucha zikalia ki-ki-ki,
hakupata hata chungu mmoja.
Siku ya nne akanitazama kwa jicho moja,
nikaelewa: udongo wake ni mimi.

Basi hesabu.
Pumba ya mahindi, kopo moja, mashineni kwa Paluku;
akiwa amegombana na mkewe, nusu kopo.
Vumbi la sambaza halina bei,
linabaki chini ya meza soko likifungwa:
vichwa, magamba, macho madogo ya ziwa.
Nainama na ufagio. Watu wanadhani nafanya usafi.
Maganda ya mayai nayakaanga, nayasaga,
namrudishia Deni kuta alizozijenga mwenyewe.
Maganda ya viazi nayachemsha juu ya moto uliobaki wa sombe,
maana makala hayaokotwi.

Na funza.
Samahani, wewe unayesoma huku unakula.
Chungu kilichopasuka, samadi kidogo, gunia bovu lililoloa,
siku tano nyuma ya choo,
nikifunua: pilau inayotembea.
Kasereka wangu, anayesukuma chukudu tangu ujana,
aliyebeba simenti, magogo, na mara moja jeneza,
aligeuza uso akatapika.
Deni alikuja mbio
kama aliyeitwa kwa jina la ubatizo.

Akataga kumi na mawili.
Matatu nikampelekea mama Kavugho; akayainua kwenye mwanga,
akasema riba imefika, mtaji bado.
Tisa akayalalia katika beseni, chini ya kitanda chetu,
kwa sababu kunguru ana macho na jirani ana mikono.
Siku ishirini na moja tuliishi kwa kunong'ona.
Kasereka alikwenda kukohoa nje.

Wakatoka saba.
Usiku ule umeme ulikatika, baridi ya Julai ikapita chini ya mlango.
Nilitia makaa mawili ndani ya kopo la maziwa lenye matundu,
nikalifunga kitambaa, nikakesha nikilisogeza:
karibu kidogo, mbali kidogo,
karibu wasigande, mbali wasiungue.
Nikachungulia dirishani. Mlima nao ulikuwa mwekundu kule juu,
umeshika moto wake vilevile juu yetu sote.
Sijui ni nani anausogeza.

Kideri kilipoingia mtaani
nikaambiwa chupa ya chanjo ni ya kuku mia.
Mimi nina wanane.
Nikabisha hodi nyumba kwa nyumba, hata kwa jirani wa mikono,
tukachanga franga mia mia,
tukapanga mstari, kila mtu na kuku kwapani,
tone moja jichoni.
Wengine walilia. Sisemi kuku.

Desemba majogoo wawili wakaenda soko,
mama Kavugho akafuta jina langu kwenye daftari lake,
akapuliza vumbi la kifutio.

Jioni hiyo Muhindo aliandika insha ya shule:
*Deni la mama limekwisha. Deni wa mama yuko hai, anataga.*
Mwalimu akachora mstari mwekundu chini ya *wa*,
chini ya *yuko*, chini ya *anataga*,
akaandika pembeni: ngeli!

Sikwenda kubishana.
Nilimtumia yai.